Mfu Havuki Maji Peke Yake

Mpwa wangu aliniuliza swali lake tukiwa ukingoni mwa kijito, hapa Nambis, tukingoja maji yapungue. Mvua ilikuwa imenyesha milimani tangu alfajiri, na kijito ambacho siku nyingine mtu hukiruka bila kulowesha kiatu kilikuwa kinashuka na matawi na udongo mwekundu. Kwa majuma mawili kijana alikuwa amezama kwenye simu, akitazama tamthilia ya Game of Thrones iliyotafsiriwa na mmoja wa wasimuliaji wetu wa muvi, aliyoingiziwa kwenye kadi ya simu mjini Mbulu. "Mjomba," alisema, "hivi wale wafu wanaweza kuvuka maji au hawawezi? Mbona mahali pengine wanaishia ufukweni, na mahali pengine wanafika tu?"

Nilimjibu kwamba ile ni hadithi, asijisumbue. Akatazama maji kidogo, kisha akasema kwa upole, "Sawa, Mjomba, lakini hata hadithi ina sheria zake." Maji yalipungua, tukavuka, kila mmoja akaenda kwenye shughuli zake. Swali lenyewe halikuondoka. Nimelibeba miezi kadhaa sasa, na kila nilipolitua chini nilikuta lina uzito kuliko nilivyodhani. Anayeuliza kama mfu anaweza kuvuka maji anauliza ubaya unaishia wapi, na ni nani anayeuvusha.

Nianze na hadithi yenyewe, maana kijana anastahili jibu. Tamthilia hiyo ilioneshwa kuanzia mwaka 2011 hadi 2019, na ilitokana na vitabu vya George R. R. Martin, ambavyo cha kwanza kilitoka mwaka 1996. Kaskazini ya mbali, ng'ambo ya ukuta mrefu wa barafu, kuna jeshi la wafu wanaotembea, na kiongozi wao anaitwa Mfalme wa Usiku. Katika sehemu iliyooneshwa mwaka 2015, jeshi hilo linavamia makazi ya pwani yaitwayo Hardhome. Walio hai wanakimbilia mashua. Wafu wanafika hadi maji yanapoanzia, wanasimama. Ni maelfu kwa maelfu, na hakuna anayeingia baharini. Wanabaki wakitazama mashua zikienda.

Miaka miwili baadaye likaoneshwa tukio lililonishika zaidi. Watu wachache wamezingirwa juu ya mwamba katikati ya ziwa. Barafu iliyofunika ziwa imevunjika kwa uzito wa wafu, baadhi yao wamezama, na waliobaki wamejipanga kuzunguka ukingo wote. Usiku unapita. Baridi inafanya kazi yake kimyakimya, maji yanaganda tena, lakini wafu hawajui. Wamesimama tu. Ndipo mmoja wa walio hai, aliyechoka kungoja, anaokota jiwe na kuwarushia. Linampata mmoja usoni. Anarusha la pili, halifiki. Linaangukia penye maji, lakini halizami. Linateleza juu ya barafu. Mfu mmoja analitazama lile jiwe, ananyanyua mguu, anakanyaga. Barafu inambeba. Wenzake wanamfuata.

Ni dakika chache tu za tamthilia ndefu, lakini mimi naona jibu limo humo. Wafu walikuwa na usiku mzima, na walikuwa na miguu kama sisi. Walichokosa ni akili ya kujaribu. Jaribio lilifanywa na aliye hai, na mkono uliowafungulia njia ulikuwa mkono wenye damu ya moto.

Kweli, hadithi yenyewe haikushika sheria yake hadi mwisho. Katika sehemu hiyohiyo wafu wanavuta joka kutoka chini ya ziwa kwa minyororo, na mtazamaji makini lazima ajiulize ni nani aliyezama kuifunga. Kitabuni nako kuna barua inayotoka Hardhome ikitaja wafu waliomo majini. Mwenye kutaka ndiyo au hapana atabaki na kiu. Mimi nimebaki na jiwe.

Na nilipotazama hadithi nyingine za aina hii nikalikuta jiwe lilelile limevaa sura nyingine. Mwaka 1890, mtu wa Ireland aitwaye Bram Stoker alianza kukusanya habari za mfu anyonyaye damu, na mwaka 1897 akatoa kitabu chake, Dracula. Mfu huyo hawezi kuvuka maji yaendayo kwa uwezo wake mwenyewe, isipokuwa bahari inapojaa au inapotulia. Sasa alifikaje Uingereza kutoka milima ya mbali ya Ulaya Mashariki? Alipakiwa. Alilala ndani ya sanduku la udongo wa kwao, mabaharia walio hai wakampakia melini, nahodha akashika usukani mpaka pumzi ya mwisho, na kabla ya hapo wakili kijana alikuwa ameshafunga safari kwenda kumkamilishia hati za nyumba atakayoishi. Kila aliyemsaidia alikuwa hai, na kila mmoja aliamini anafanya kazi yake tu. Maji hayakuwa na kosa. Yalimkataa mfu, wakampitisha watu.

Sisi huku kwetu hatuna jeshi la barafu, lakini tuna msukule. Hakuna Mtanzania asiyelijua neno hilo. Kusini wanasema ndondocha. Bibi yangu alikuwa akisimulia kwamba mtu anaugua, anakufa, anazikwa, watu wanalia, kumbe aliyezikwa ni gogo la mgomba, na mwenyewe amechukuliwa na mchawi. Anakatwa ulimi asiseme, analishwa pumba, analima shamba la mtu mwingine usiku kucha, na alfajiri anafichwa. Simwandikii msomaji haya ili ayaamini. Imani za namna hii zimeua watu, na katika mikoa kadhaa ya nchi hii vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu tu macho yao ni mekundu kwa moshi wa kuni. Nayaandika kwa sababu hofu ya watu, hata inapokosea mtuhumiwa, husema kweli fulani kuhusu kile wanachokithamini.

Tazama wanachokiogopa katika msukule. Hasemwi kuwa anauma watu, wala kwamba anafukuza watoto njiani. Kinachotisha ni kwamba anatumikishwa. Ana mikono isiyo yake, kinywa kisicho na neno, na shamba ambalo hatavuna. Wale wafu wa tamthilia wako hivyohivyo: maelfu ya miili inayoendeshwa na nia ya mmoja, na akianguka huyo mmoja wanaanguka wote. Hadithi ya Mzungu na hadithi ya bibi yangu, bila kujuana, zimekubaliana juu ya tafsiri ya mfu atembeaye: ni mwili unaokwenda bila nia yake.

Kiswahili chenyewe kimelitafakari jambo hili kabla yetu, ndani ya sarufi. Mtu akiwa hai yuko na wenzake: mtu, watu. Akishakuwa mzimu anahamia kwenye kundi la mito, miti na milima: mzimu, mizimu. Na kitenzi humfuata huko, maana tunasema mizimu imekasirika, mizimu imetulia, kama tunavyosema mito imefurika. Mzimu umevuka salama. Lugha imeupokea ng'ambo. Lakini msukule? Jina lake liko upande wa mito, misukule, ila tukimsimulia tunasema misukule wanalima, misukule wanalia. Jina limevuka, kitenzi kimebaki upande wa watu. Lugha imemwacha katikati ya mto, na hiyo ndiyo hali yake hasa. Hakuruhusiwa kufa, na hakuachiwa aishi.

Nilipofika hapo nikaelewa kwa nini maji ndiyo yanayomsimamisha mfu kwenye hadithi nyingi kiasi hicho. Kutembea hakuhitaji nia kubwa. Mguu ukishazoea hujipeleka. Kuvuka ni jambo jingine. Anayevuka husimama kwanza. Anatazama rangi ya maji, anatafuta alama iliyokuwa kavu jana, anaingiza fimbo kupima kina, anamuuliza aliyetangulia, anavua viatu, anamshika mwenzake mkono. Na baada ya yote hayo bado anaweza kusema leo sivuki, akarudi nyumbani. Wahenga waliposema usimtukane mamba kabla hujavuka mto walikuwa wanamfundisha mtu aliye hai, kwa sababu ni yeye tu mwenye kabla na baada, mwenye kuweza kuahirisha. Asiye na nia hawezi kuamua kuvuka, wala hawezi kuamua kubaki. Ndiyo maana wale wa ziwani walisimama usiku mzima kama miti.

Watu wa Mbulu hawahitaji tamthilia kufundishwa hilo. Miaka mingi, kabla ya daraja la Magara kujengwa, masika yalikuwa yanakata nchi vipande viwili. Uliteremka bonde kutoka juu, ukafika mtoni, ukakuta magari yamepanga foleni na watu wameketi juu ya mizigo. Vitunguu saumu vilioza ndani ya magunia. Mgonjwa aliyekuwa anapelekwa hospitali alilala ng'ambo kwenye kiti cha gari. Wapo waliosema maji si mengi, wakaingia, na majina yao yakasomwa kwenye ibada ya mazishi. Nakumbuka nikiwa kijana nilikaa mtoni pale tangu asubuhi hadi jioni, nikiwatazama watu wazima wakibishana kwa sauti za chini. Hakuna aliyemcheka aliyeogopa. Ukingo ulikuwa mahali pa heshima, na ndipo nilipojifunza kwamba kungoja kunaweza kuwa tendo.

Lakini sasa nifike kwenye jambo lililonigeuza mawazo kabisa, na hili silipati kwa Stoker wala kwa Martin. Nalipata kwa wazee wetu wa Kiiraqw.

Katika hadithi za Stoker na Martin, maji ni ukuta. Upande huu tuko sisi, upande ule kuna kibaya, na kati yetu kuna mkondo mtakatifu. Kwa Wairaqw wa zamani, maji, ambayo sisi tunayaita ma'ay, hayakuwa ukuta. Yalikuwa makazi. Juu kulikuwa na Looaa, jina la Mungu ambalo ndilo jina la jua, mama mwenye wema. Chini ya ardhi walikaa gi'i, roho za waliotangulia. Na ndani ya chemchemi, vijito na maziwa walikaa Neetlaangw, roho wenye nguvu na wa kuogopwa. Nyumba zetu za kale za tembe zilichimbwa ubavuni mwa mlima, paa likawa sawasawa na ardhi ya nyuma, hata adui akipita asizione kwa urahisi. Mtu aliyelala humo alikuwa nusu ndani ya udongo, na mababu walikuwa karibu naye kuliko jirani wa bonde la pili. Kwa watu wa namna hiyo, swali la mpwa wangu lingekuwa gumu kulielewa. Wafu wavuke kwenda wapi? Tayari wako nyumbani. Na maji yamzuie nani, wakati nayo yana wenyewe?

Aliyewekewa mpaka alikuwa mwingine. Alikuwa aliye hai. Kulikuwa na desturi ya meta, hali ya kutengwa kwa mtu aliyeguswa na mauti au na jambo lililohesabiwa kuwa la unajisi: aliyefiwa na mwenzi wake, mama aliyepoteza mtoto au mimba, binti aliyepata ujauzito kabla ya kuolewa. Mtu huyo hakuchangamana na majirani, hakula wala kunywa pamoja nao, na alijitenga na maji ya watu wote mpaka muda wake uishe na atakaswe. Hofu ilikuwa kwamba atakichukua alichonacho na kukifikisha kwenye chemchemi, Neetlaangw wakakasirika, na nchi nzima ikaumia.

Sitaki kuipamba desturi hiyo. Iliwabebesha mzigo mzito waliokuwa tayari wameelemewa, na wanawake ndio walioubeba zaidi. Binti aliyehitaji mkono wa mama yake alipelekwa mbali na nyumbani. Tumeiacha kwa sehemu kubwa, na tulifanya vizuri kuiacha. Lakini ndani ya gamba lake chungu kulikuwa na wazo ambalo tamthilia ya mamilioni ya dola ililifikia kwa jiwe moja: mauti haisafiri yenyewe kwenda kwenye chemchemi. Hupelekwa. Kwa hiyo wazee hawakuweka walinzi kuwakabili wafu. Waliwataka walio hai wajichunge.

Hata mipaka ya nchi waliitunza kwa mtazamo huo. Kila aya, yaani kila eneo lenye watu wanaojihesabu kuwa wamoja, lilifanyiwa tambiko la masay ili mipaka yake ifungwe dhidi ya maradhi na mabaya. Mpaka haukuwa kitu kilichokuwepo tu, kama mto ulivyo kwenye ramani. Ulikuwa kitu cha kufanywa na watu, na kurudiwa kufanywa, kwa sababu mpaka usiotunzwa haupo. Kijito kilikuwa kinatiririka bila kumjali mtu. Watu ndio walioamua kwamba hapa tutasimama.

Kama kuna anayedhani wafu ndio wenye tabia ya kuwavamia walio hai, aende akawaulize Wadatoga wa tambarare za Hanang. Mzee wao mwenye heshima anapofariki humjengea bung'eda, kichuguu cha kaburi kinachojengwa kwa miezi kadhaa, ukoo ukikusanyika, mpaka kisimame juu ya nyika kikionekana kwa mbali. Bung'eda haiachwi. Watu hurudi hapo miaka mingi baadaye kuzungumza na aliyelala. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, na hasa katika miaka ya 1970 na 1980, tambarare hizo zilichukuliwa kwa ajili ya mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, karibu ekari 100,000 za malisho bora kabisa. Wadatoga walihamishwa. Matrekta yakaingia, na yalipozikuta bung'eda, nyingi zilisawazishwa na kulimwa juu yake.

Nimetafakari sana picha hiyo. Hapa hakuna mfu aliyeinuka. Wale wazee walikuwa wamelala walipolazwa, na hawakuvuka hata mfereji. Waliovuka ni walio hai, wakiwa na dizeli na ramani na nia njema ya kulisha taifa mkate. Dereva alipewa mstari wa kulima akaufuata, aliyempa mstari alipewa lengo la magunia, na aliyeweka lengo alikuwa mbali sana kuweza kuona kichuguu. Na ndipo najiuliza bila kutaka kumshutumu dereva yeyote: siku ile, juu ya ile nyika, ni nani aliyekuwa anakwenda bila nia yake? Msukule si lazima awe amezikwa kwanza. Mtu yeyote anayefanya linaloumiza kwa sababu ameagizwa, akafumba macho asione kilicho mbele ya jembe lake, ameshaukabidhi mwili wake kwa mtu mwingine.

Said Ahmed Mohamed, katika riwaya yake Babu Alipofufuka iliyotoka mwaka 2001, alimfufua babu aliyekwishakufa, na babu huyo hakuja kumla mtu. Alimjia mjukuu wake aliyelewa madaraka, amfanye aone anachokifanya. Kwa mwandishi wetu, aliyefufuka ndiye mwenye macho, na aliye hai ndiye aliyekuwa analala akitembea. Nadhani wazee wa bung'eda wangemwelewa.

Kuna jambo moja ambalo lingeweza kuyavunja haya yote, na nisingekuwa mkweli kama ningelipita. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima Hanang ilimeguka. Miamba laini iliyokuwa imejaa maji iliachia, na tope likashuka likiwa na mawe na magogo, likapita Gendabi na Jorodom, likaingia mji wa Katesh kabla watu wengi hawajamaliza kuamka. Zaidi ya watu 80 walikufa. Familia nzima nzima ziliondoka. Siku ile mauti haikungoja ukingoni, wala haikumhitaji mtu wa kuirushia jiwe. Ilikuja na maji yenyewe.

Kwa muda nilifikiri kwamba Hanang imenijibu, na kwamba fikra zangu zote juu ya kuvuka zilikuwa mchezo wa mtu aliyeketi mahali pakavu. Baadaye niliona kwamba nilikuwa nimechanganya mambo mawili. Kifo ni kimoja na ubaya ni mwingine. Kifo huvuka. Huvuka mto, huvuka ukuta wa hospitali, huja kwa tope na kwa homa na kwa uzee, na hakuna mkondo uliowahi kukizuia. Mlima haukuwa na nia mbaya kwa watu wa Katesh. Haukuwa na nia yoyote. Kuwaambia waliofiwa kwamba kuna mtu aliyewavushia kifo ni kuwaongezea jeraha, na ni kwa njia hiyohiyo vikongwe huuawa. Ubaya, kwa maana ya ule unaowafanya watu kuwa vyombo, ni kitu kingine, na huo ndio usioweza kuvuka peke yake.

Nikakumbuka pia kilichofuata baada ya tope. Askari na wananchi waliingia ndani yake hadi magotini na hadi kiunoni, wakichimba kwa majembe, kwa mashine na kwa mikono. Watu walitoka vijiji vya mbali na magunia ya mahindi na nguo. Wengine walichimba siku kadhaa wakiwatafuta waliojua fika kwamba hawako hai tena, ili wasilale bila kaburi. Hakuna aliyewalazimisha. Walisimama ukingoni mwa lile tope, wakalitazama, wakaamua. Hapo nikaona sura ya pili ya kuvuka, ambayo tamthilia haikunionesha. Mfu hawezi kumvukia aliye hai, lakini aliye hai anaweza kumvukia mfu. Anaweza kwenda alipo, amnyanyue, amwoshe, amwite kwa jina lake, amrudishe kwa watu wake. Msukule ni mtu aliyenyimwa mazishi yake. Wale wa Katesh walikataa mtu yeyote anyimwe.

Kwa hiyo mto una safari mbili, na zote ni za walio hai. Mmoja hufika ukingoni akarusha jiwe kwa hasira, au akapakia sanduku asilouliza limebeba nini, au akalima mstari aliopewa, na nyuma yake jeshi linapata njia. Mwingine hufika ukingoni hapohapo, akapima kina, akavuka kwenda kumleta aliyeachwa. Maji ni yaleyale. Kinachotofautisha ni kama aliyesimama pale alisimama kweli, au alipita tu.

Juzi nilikutana tena na mpwa wangu. Nilimwambia nina jibu lake, ingawa nimechelewa. Nikamweleza kuhusu jiwe, na meli, na matrekta ya Hanang. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Sasa Mjomba, mtu atajuaje kama jiwe aliloshika ndilo lenyewe?" Sikuweza kumpa kanuni. Nilimwambia afanye kama tunavyofanya kijitoni: asimame kwanza, aangalie nani yuko nyuma yake, na kama hajui kinachomfuata, asivuke.

Nawe msomaji, nakuomba hivyohivyo. Ukisikia siku moja kwamba wafu wamefika upande wetu, kwamba chuki iliyozikwa zamani inatembea barabarani, kwamba uongo uliokufa unalima mashamba ya watu usiku, usipoteze muda ukishangaa nguvu zao. Mfu havuki maji peke yake. Tafuta aliyemvusha, na anza kwa kuitazama mikono yako mwenyewe.